Makundi ya Wanyama Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Kiswahili Lamu

Mwanafunzi wa Lamu hahitaji picha ya kitabuni ili aone wanyama wakiwa wengi. Akitoka nyumbani asubuhi hupishana na punda waliofuatana kwenye kichochoro, sokoni hukuta paka wamezunguka meza ya samaki, na jioni kunguru hujaa mtini wakigombea matawi ya kulala. Lakini tukifika kwenye nomino za makundi, tunampa orodha akariri: bumba la nyuki, thurea ya nyota, genge la wezi, tita la kuni. Huikariri, huijibu kwenye mtihani, na likizo ikiisha haimo tena kichwani.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Mtoto aanze kwa kutazama wanyama wanavyokaa na wanavyokwenda wakiwa pamoja, kisha ndipo atafute neno la hali hiyo. Umeandikwa kwa gredi ya 4 hadi ya 6, na unatosha vipindi vitano au sita vya dakika 35. Ukiwa na muda zaidi, uongeze kwenye matembezi na kwenye sarufi. Hatua nyingine zinaweza kupunguzwa bila hasara kubwa.

Kabla ya kuanza: yapange maneno yako

Mwalimu akiwa na orodha iliyochanganyika, darasa zima litachanganyikiwa. Kaa na daftari lako uyagawe maneno katika mafungu manne.

La kwanza ni neno "kundi". Hili ni la wote: ng'ombe, mbuzi, punda, ndege, tembo, pomboo, nyani. Wapo walimu wanaolidharau kana kwamba ni jibu la mtoto mvivu. Si haki. Ndilo neno sahihi kwa wanyama wengi mno, na mtoto anayesema "kundi la pomboo" amesema Kiswahili safi.

La pili ni maneno yenye umbo au mwendo ndani yake: bumba, msafara, mlolongo, wingu, mtungo, jozi. Haya ndiyo moyo wa somo lote.

La tatu ni maneno ya watu: genge, baraza, kikosi, umati, halaiki. Yaweke kando mpaka hatua ya sita.

La nne si majina ya makundi hata kidogo, ila watoto huyadhania hivyo: zizi, mzinga, kichuguu, kiota, tenga. Zizi ni mahali mbuzi wanapolala, hata wakitoka wote zizi linabaki pale pale. Mzinga ni nyumba ya nyuki, bumba ni nyuki wenyewe. Tofauti hii ieleze mapema na uirudie, kwa sababu ndiyo inayowapotezea wanafunzi alama nyingi.

Hatua ya 1: vitu vya nyumbani

Siku moja kabla ya somo, waambie wanafunzi wachunguze jikoni na uani: vitu gani huhesabiwa vikiwa pamoja? Watakuja na chane ya ndizi, mkungu wa ndizi, kole la nazi, tita la kuni, doti ya kanga, kicha cha mchicha. Atakayeweza kubeba kitu chenyewe, abebe. Dakika kumi na tano zinatosha. Swali la kuuliza ni moja tu: kwa nini ndizi ina maneno mawili, mkungu na chane? Watajibu wenyewe kwamba mkungu ni zile zote zilizotoka mgombani, na chane ni safu moja iliyokatwa humo. Hapo wameshapata ufunguo wa somo zima: kitu kile kile hubadilisha jina la kundi kulingana na hali yake.

Hatua ya 2: matembezi

Hiki ndicho kipindi cha kupigania hata kama ratiba imebana. Andika barua kwa wazazi mapema, pata ruhusa ya mwalimu mkuu, na uwe na angalau mtu mzima mwingine wa kufunga msururu nyuma. Toka asubuhi jua halijawa kali. Kwa shule za mjini, njia nzuri ni kupita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, hadi Mkunguni mbele ya Ngome, kuingia sokoni, kisha kuteremkia ufuoni zinakofunga mashua. Ukiweza, chagua siku ambayo wavuvi hurudi saa hizo. Maji yakiwa yametoka sana, mashua hazisogei karibu na watoto hawataona samaki wakishushwa.

Kila jozi ya wanafunzi iwe na daftari moja lenye safu tatu: ni mnyama gani, wanafanya nini, wamekaaje. Safu ya jina la kundi isiwepo kabisa. Ukiiweka, watoto wataacha kutazama na kuanza kukumbuka orodha.

Wafundishe kuandika hali kwa maneno yao. "Punda sita, wamefuatana, kila mmoja nyuma ya mwenzake, wamebeba mchanga." "Paka watano, wamekaa mbalimbali, wanamtazama mwuza samaki." "Siafu, hawahesabiki, mstari mmoja, wanapita chini ya ukuta." Ukipita penye mwembe, tafuta majimoto, wale chungu wekundu, wakipanda na kushuka shina. Watazameni bila kugusa mti.

Mambo mawili ya usalama. Mtoto asisimame nyuma ya punda, na kwenye kichochoro chembamba darasa lote liegemee upande mmoja punda wapite. Asiyejua mwendo wa punda wa Lamu atashangaa, lakini mzigo ukishapangwa punda huyu hasubiri mtu.

Ufuoni, wachague wanafunzi wawili au watatu waongee na wavuvi. Wasalimie kwanza: "Shikamoo, ami." Kisha waulize, "Samaki wakiwa wengi baharini, mwawaitaje? Wakishatolewa mashuani, je? Na mkiwafunga kwa kamba?" Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, hata kama ni Kiamu, Kibajuni au Kipate. Usiwasahihishe wavuvi mbele ya watoto, wala usiwasahihishe baadaye darasani. Neno la mvuvi liandikwe upande mmoja wa ubao na neno la kitabu upande wa pili, na wanafunzi wajue kwamba kwenye insha ya mtihani wataandika lile la pili.

Hatua ya 3: kutoka hali hadi neno

Mrudipo darasani, kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani. Kadi za rangi moja ziwe na hali zilizoandikwa matembezini: "wamefuatana kwa mstari", "wameshikamana pamoja", "wamejaa angani", "wamefungwa kwa kamba", "wawili tu". Kadi za rangi ya pili ziwe na maneno: msafara, mlolongo, bumba, wingu, mtungo, jozi, kundi. Vikundi vya watoto watano watano wazilinganishe na watetee uamuzi wao kwa sauti. Acha wabishane. Kazi yako hapa ni kuwapa habari za kuamulia, na ndipo mwalimu anapohitaji kujua mambo ya wanyama kidogo. Haya yatakufaa.

Punda. Wakiwa kazini kichochoroni wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine, kwa hiyo "msafara wa punda" ni sahihi kabisa. Wakishapakuliwa mizigo na kuachiwa wazurure ufuoni, hawana mstari tena. Hilo ni kundi. Wanyama ni wale wale. Waulize wanafunzi ni dakika gani hasa msafara uligeuka kundi. Swali hili huleta mjadala mzuri kuliko lolote nililowahi kuliuliza katika somo hili.

Samaki. Baharini ni kundi la samaki. Wakipitishwa kamba au ukuti kwenye matamvua ni mtungo wa samaki. Wakipangwa mezani kwa bei ni fungu: fungu la dagaa, fungu la samaki. Tenga la samaki nalo ni chombo kilichojaa, na linakaa na mzinga na zizi katika lile fungu la nne.

Nyuki. Watoto wengi hudhani bumba ni nyuki wowote walio wengi. Waeleze kinachotokea: mzinga ukijaa, malkia wa zamani huondoka na sehemu kubwa ya nyuki vibarua kutafuta makao mapya. Njiani hutua kwenye tawi wakashikamana, mmoja juu ya mwingine, huku wachache wakiruka kutafuta mahali pa kuhamia. Wingi ule ulioshikana ndio unaoitwa bumba. Mtoto akishaipata picha hiyo hatasema "bumba la ng'ombe" maisha yake yote, kwa sababu ng'ombe hawashikamani hivyo.

Nzige. Hapa pana habari ya kusisimua. Nzige wa jangwani akiwa peke yake huishi kama panzi wa kawaida, anawakwepa wenzake. Mvua ikinyesha, majani yakaota, nzige wakazaliana na kusongamana, miili yao hubadilika rangi na tabia hugeuka: huanza kutafutana na kusafiri pamoja. Kenya ilivamiwa mwishoni mwa 2019, na 2020 nchi iliona nzige wengi kuliko walivyoonekana kwa miaka 70. Kundi lililoenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40, na kwa siku moja hula chakula kinachokaribia cha watu 35,000. Baada ya takwimu hizo, neno "wingu la nzige" halihitaji maelezo zaidi. Wapo wanaosema "jeshi la nzige", na ni sawa pia.

Simba na tembo. Wafundishe kwamba kundi la tembo huongozwa na jike mzee, na kwamba majike wa kundi la simba kwa kawaida ni ndugu. Kwa hiyo "familia ya tembo" na "familia ya simba" si mapambo, zinaeleza ukweli wa maisha yao.

Njiwa. Jozi. Pita haraka.

Hatua ya 4: sarufi, kwa miguu

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, tena si kwa kutojua neno bali kwa upatanisho. Mtoto huandika "Kundi la punda wamevuka" kwa sababu kichwani mwake anawaona punda. Kanuni ni fupi: kinachotawala kitenzi ni jina la kundi, si jina la mnyama. Punda wamevuka, lakini kundi la punda limevuka.

Usiianze kanuni ubaoni. Waite wanafunzi watano mbele, kila mmoja ashike kadi yenye neno moja, wasimame kwa mpangilio huu: KUNDI – KUBWA – LA – PUNDA – LIMEVUKA. Darasa lisome. Sasa mwite mtoto mwenye kadi ya MAKUNDI amwondoe KUNDI. Swali kwa darasa: nani mwingine lazima atoke? KUBWA, LA na LIMEVUKA wanaondoka, wanaingia MAKUBWA, YA na YAMEVUKA. PUNDA anabaki palepale hajatikisika. Watoto huona kwa macho nani ni mtawala wa sentensi na nani ni abiria tu.

Kisha badilisha mtawala: MSAFARA. Sasa inakuwa MSAFARA MKUBWA WA PUNDA UMEVUKA. Halafu FAMILIA KUBWA YA TEMBO IMEVUKA. Endelea hivi mpaka ngeli nne zipite:

Kundi, bumba, wingu, fungu, genge: limetua, yametua.
Msafara, mtungo, mlolongo: umepita, imepita.
Jozi, familia: imelala, zimelala.
Kikosi: kimefika, vimefika.

Wakishaweza hayo, ongeza kivumishi cha pili, na hapa somo huwa tamu: "Kundi dogo la punda wakubwa limevuka." "Kundi kubwa la punda wadogo limevuka." Dogo inalifuata kundi, wakubwa inawafuata punda. Waambie wanafunzi wachore sentensi zote mbili. Anayechora punda wachache wanene kwa ya kwanza na punda wengi vitoto kwa ya pili ameelewa upatanisho kuliko anayeweza kuitaja ngeli kwa jina. Sentensi za namna hii ziwe nyingi: kundi jeupe la heroe weupe haliongezi kitu, lakini "wingu jeusi la nzige wa manjano" humfanya mtoto afikiri.

Hatua ya 5: igizo la kimya

Kipindi kifupi. Vikundi vinapokezana kuja mbele, kila kimoja kinaigiza bila sauti: siafu, nyuki waliotua tawini, punda kazini, punda mapumzikoni, nzige. Wanaotazama hawaruhusiwi kutaja neno peke yake, lazima watoe sentensi kamili yenye kitenzi: "Msafara wa siafu umekutana na maji." Sentensi yenye upatanisho mbovu haipewi alama hata kama mnyama ametambuliwa.

Hatua ya 6: ubunifu, na mipaka yake

Watoto wa darasa lako wanasoma Kiingereza pia, na huko hukutana na jina tofauti kwa karibu kila mnyama. Wataomba Kiswahili kiwe hivyo. Waeleze kwamba mengi ya majina hayo ya Kiingereza yanapatikana katika kitabu cha uwindaji kilichochapishwa Uingereza mwaka 1486, na kwamba baadhi yalibuniwa kwa ajili ya kufurahisha. Kuyatafsiri moja moja na kuyaingiza katika Kiswahili ni kosa, na nasikitika kuona orodha za namna hiyo zikisambazwa kwa walimu kama nyenzo. Kiswahili kina mpangilio wake: neno moja pana, na maneno machache yanayochora hali.

Lakini kubuni kwenyewe ni haki ya mtoto, mradi ajue kwamba anabuni. Sasa ndipo maneno ya watu yanapoingia. Mpe kila mwanafunzi mnyama mmoja aliyemwona matembezini, achague neno la watu linalomfaa, na atoe sababu. "Baraza la paka", kwa kuwa wamekaa kwenye mabaraza ya nyumba kama wazee baada ya alasiri. "Genge la kunguru", kwa kuwa wanaiba mayai na makinda ya ndege wengine. Huu ni wakati mwafaka wa kuwaambia kwamba kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji: asili yao ni Bara Hindi, na waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima. Majina haya yaandikwe kwenye kurasa za nyuma za daftari, chini ya kichwa "Tumebuni", yasichanganywe na yale ya sarufi.

Kwa gredi ya 6, nenda mbele hadi shairi. Lamu ni mji wa washairi na mtoto wa hapa huijua mizani kwa sikio kabla hajafundishwa. Anza na ubeti kama huu, mizani nane kwa nane (mkungu humu ni mti, si ule wa ndizi), kisha wao watunge wa pili:

Bumba la nyuki laruka, latoka kwenye mkungu,
Msafara wachepuka, wa punda wa ami yangu,
Wingu la nzige lafika, lafunika zote mbingu,
Mtungo nao washuka, wa samaki wa wenzangu.

Waulize kuhusu "wachepuka" katika mshororo wa pili: ni punda wanaochepuka au ni msafara? Ni msafara, u- na -a- zimeungana zikawa wa-. Swali hili ni gumu, mpe anayelimudu na usilisukume kwa wote.

Hatua ya 7: wasio na kundi

Somo hili husahauliwa, nami nalipenda sana. Waulize: je, kila mnyama ana kundi? Kisha wape kasa. Kasa jike hupanda ufuoni usiku akiwa peke yake, hufukia mayai yapatayo mia moja mchangani, na kurudi baharini bila kuyatazama tena. Baada ya takriban miezi miwili watoto wa kasa hutoka pamoja, kwa sababu kuchimbua mchanga ule ni kazi ya wengi, na hukimbilia majini kwa pamoja. Wakishaingia baharini kila mmoja hushika njia yake. Kwa hiyo "kundi la vitoto vya kasa" lipo, ila ni la muda mfupi mno. Ufuo wa Kiunga, uliohifadhiwa tangu 1979, na fuo za visiwa vyetu ni mahali wanapotagia. Bila shaka darasani yupo mtoto ambaye mzazi wake ameshawaona.

Chui naye hutembea peke yake. Wanafunzi waandike aya moja ya sentensi tano kuhusu mnyama mmoja anayeishi kwa kundi na mmoja asiyeishi hivyo, na watumie angalau nomino mbili za makundi zenye upatanisho sahihi.

Hatua ya 8: tathmini

Usipime kwa kuuliza "kundi la nyuki huitwaje". Mpe mtoto hali, atoe sentensi. Mifano:

Nyuki wengi wameshikamana kwenye tawi la mwarobaini. (Bumba la nyuki limetua kwenye mwarobaini.)
Mvuvi amepitisha kamba kwenye matamvua ya changu wanane. (Mtungo wa changu umeletwa sokoni.)
Andika kwa wingi: Msafara mrefu wa ngamia umepita. (Misafara mirefu ya ngamia imepita.)
Sahihisha: Familia ya tembo wamevuka mto. (Familia ya tembo imevuka mto.)
Chagua na ueleze: zizi au kundi? Mbuzi wote wametoka kwenda malishoni. (Kundi, zizi limebaki tupu.)

Anayepata neno na upatanisho katika umoja na wingi, na akaeleza sababu ya kulichagua neno, amezidi matarajio. Anayepata neno na upatanisho bila kueleza amefikia matarajio. Mwenye neno sahihi lakini kitenzi kinamfuata mnyama anakaribia matarajio. Huyo mrudishe kwenye kadi za hatua ya 4, si kwenye orodha. Anayechanganya zizi na kundi yuko mbali bado, na dawa yake ni kutoka naye nje aone.

Kwa shule za bara

Wenzetu wa Mpeketoni, Witu na Hindi hawana haja ya kuja kisiwani. Mchana nendeni shambani mkatazame ng'ombe wakipelekwa malishoni, maana kundi lile lile huenda kwa mlolongo penye njia nyembamba na kutawanyika likifika penye nyasi. Walio karibu na Ziwa Kenyatta wana kundi la viboko, ila wasikaribie ukingo: kiboko ni hatari hata akionekana amelala, na hapa habari za wazee wa eneo hilo darasani zinatosha kabisa. Upande wa Dodori kuna nyamera, na hifadhi ile iliyotengwa 1976 inajulikana kwa makundi yao. Kwa darasa la watoto sitini au zaidi, gawa matembezi katika siku mbili, nusu kwa nusu, na wale wa siku ya kwanza wawaulize wa pili waliona nini ambacho wao hawakukiona.